Nyaya mpya, sauti mpya: ni nini hasa kilichobadilika?

Mfumo wenyewe ni wa kawaida: amplifaya ya wati 60 kwa kila upande, mashine ya santuri, kicheza CD na spika mbili ndefu za kusimama sakafuni. Amplifaya imekaa karibu na spika ya kushoto, kwa hiyo waya wa kushoto una mita 3 tu, ilhali wa kulia unafuata ukuta na kuzunguka mlango hadi kutimiza mita 11. Mwenye mfumo alikuwa na malalamiko matatu. Sauti za waimbaji zilikuwa nyembamba na zenye kusukumwa mbele, huku upande wa kulia ukikosa uzito. Santuri zilikwaruza sikio kila mwimbaji alipotamka "s" au "sh". Na muziki ulipotulia, ulisikika mvumo wa chinichini usiokwisha.

Akanunua seti nzima ya nyaya za bei kubwa na kuzifunga zote siku moja: waya wa spika wa shaba wa milimita za mraba 4, kebo ya RCA (ile ya kupitisha sauti kutoka chombo hadi amplifaya) ya mita 1 kwa ajili ya mashine ya santuri, nyingine ya kicheza CD, na waya mnene wa umeme kwa amplifaya. Jioni hiyo malalamiko yote matatu yalikuwa yamekwisha. Akahitimisha kwamba nyaya za gharama zina sauti yake. Rafiki yake, fundi umeme, akamjibu kwamba waya ni waya, na kwamba alichokisikia ni fedha alizotoa.

Wote wawili walikosea. Sauti ilikuwa imebadilika kweli, na mabadiliko hayo yanapimika. Kilichokosewa ni sababu, na kosa hilo hutokea kila mtu anapobadilisha vitu vinne kwa mpigo kisha akampa sifa kimoja. Kazi ya uchambuzi huu ni kurudisha kitu kimoja kimoja na kuona ni kipi kilifanya nini.

Tuanze na waya wa spika

Kwanza kabisa, kabla hata ya kugusa multimita, huangaliwa kama chanya na hasi hazikupishana kwenye spika moja. Hili ndilo kosa la waya linalosikika kuliko mengine yote. Koni moja inasukuma hewa huku nyingine ikivuta, besi zinauana, na mwimbaji anapotea katikati. Betri ya volti 1.5 inatosha: chomoa waya kwenye amplifaya, gusisha chanya ya betri kwenye ncha ya waya unaokwenda kwenye chanya ya spika, na hasi kwa hasi, kwa nukta moja tu. Koni ya besi itoke nje, pande zote mbili. Hapa zote mbili zilitoka nje, kwa hiyo tatizo halikuwa hilo.

Waya wa zamani ulikuwa na maandishi ya milimita za mraba 0.75 kwenye plastiki yake. Shaba ya unene huo ina ukinzani wa karibu om 0.046 kwa kila mita, ukihesabu kwenda na kurudi. Mita 11 zingetoa om 0.51. Kipimo kikatoa om 0.78.

Namna ya kupima ni muhimu, maana multimita ya kawaida haiaminiki kwenye ukinzani mdogo hivi. Nyaya zake za kupimia peke yake zina om 0.2 au 0.3. Njia ya uhakika ni hii: chomoa waya wa spika pande zote mbili, sokota pamoja ncha mbili za upande wa mbali, kisha pitisha umeme wa volti 12 wa moja kwa moja kupitia balbu ya gari ya wati 10 au 12 iliyofungwa kwa mfululizo na waya huo. Balbu inazuia umeme usizidi, karibu ampea 1. Pima ampea, kisha pima volti kwenye ncha mbili za waya upande wa karibu. Volti ukigawanya kwa ampea unapata ukinzani, na nyaya za multimita haziingii tena kwenye hesabu kwa sababu hazipitishi umeme wa maana.

Kwa nini 0.78 badala ya 0.51? Jibu lilipatikana kwa wembe. Uzi mmoja ulitolewa kwenye fungu, ukalazwa juu ya meza na kukwanguliwa taratibu. Rangi nyekundu ya shaba ilitoka kama ganda jembamba, na chini yake ukaonekana weupe. Ni alumini iliyopakwa shaba. Waya wa aina hii una ukinzani unaozidi wa shaba tupu kwa mara moja na nusu hivi, na unakatika upesi ukikunjwa mara kadhaa kwenye kiungio. Si haramu kuutumia kwa umbali mfupi, lakini anayeuuza kama shaba anamdhulumu mnunuzi, na unene ulioandikwa juu yake haukusaidii kitu kwenye hesabu.

Sasa om 0.78 ina ubaya gani kwa spika iliyoandikwa om 4? Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, kwa kuwa wanachukulia spika kama kitu chenye om 4 wakati wote. Namba ya nyuma ya spika ni jina tu. Kiwango cha kimataifa cha IEC 60268-5 kinataka impidansi, yaani ukinzani wa spika unaobadilika kwa kila masafa, isishuke chini ya asilimia 80 ya namba hiyo, yaani om 3.2 kwa spika ya om 4, lakini kupanda inaweza kupanda mara nyingi zaidi. Spika za kisa hiki zinashuka hadi om 3.4 karibu na hezi 150, na zinapanda hadi om 19 karibu na hezi 2,000, pale krosova inapokabidhi kazi kutoka spika ya besi kwenda ya sauti za juu.

Waya na spika wanagawana volti za amplifaya. Spika inapokuwa na om 19, waya wa om 0.78 unanyang'anya dB (desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti) 0.35 tu. Spika inaposhuka hadi om 3.4, waya uleule unanyang'anya dB 1.8. Tofauti ni karibu dB 1.4, na haiji kama sauti kupungua kwa jumla. Inakuja kama umbo: kifua cha mwimbaji na mwili wa ngoma vinashushwa, ilhali eneo la hezi 2,000, ambako sikio la binadamu ni jepesi sana, linabaki juu. Ndiyo maana mwenye mfumo alisema "nyembamba" na "zimesukumwa mbele". Alieleza grafu bila kuiona.

Upande wa kushoto, wenye mita 3 za waya uleule, ukinzani ulikuwa om 0.21 na upungufu wa juu kabisa dB 0.5. Kwa hiyo kwenye hezi 150 spika ya kulia ilikuwa chini ya ya kushoto kwa dB 1.3, na kwenye hezi 2,000 kwa robo ya dB tu. Lalamiko la upande wa kulia kukosa uzito nalo lilikuwa la kweli.

Hapa linaingia swali linaloulizwa kila mara: je, nyaya mbili lazima zilingane urefu ili sauti zifike pamoja? Hapana. Mita 8 za ziada zinachelewesha umeme kwa muda ambao sauti hewani inasogea takriban sehemu moja ya mia ya milimita. Ukisogeza kichwa kwenye kiti umebadilisha zaidi ya hapo mara elfu kadhaa. Kinachohitaji kuangaliwa ni ukinzani, na ukinzani unatibiwa kwa unene.

Waya mpya wa milimita za mraba 4 una om 0.095 kwa mita 11. Upungufu ukashuka hadi dB 0.24 kwenye om 3.4 na karibu sifuri kwenye om 19. Mwili wa sauti ukarudi. Alichokisikia mwenye mfumo jioni ile kilikuwa ni hiki, wala si fedha alizotoa. Fundi umeme hakuwa na haki ya kumcheka.

Lakini je, ni waya ule wa gharama au ni shaba ya kutosha tu?

Ili kulijibu, waya wa tatu uliletwa: shaba tupu ya kawaida, milimita za mraba 2.5, bila jina kubwa wala kava la kusokotwa. Kwa mita 11 una om 0.15. Kati yake na ule wa gharama tofauti ni dB 0.14 pale spika inaposhuka kabisa, na dB 0.03 pale inapopanda. Kwenye karatasi, hakuna kitu hapo cha kusikika katika muziki. Karatasi hata hivyo haitoshi kwa mtu aliyekwisha kusikia kwa masikio yake, kwa hiyo jaribio likafanywa.

Mwaka 1982 David Clark alieleza katika jarida la Audio Engineering Society, chama cha wahandisi wa sauti, kifaa cha kulinganisha vyombo viwili bila msikilizaji wala msimamizi kujua kipi kinacheza. Msingi wa jaribio la namna hii haujabadilika. Msikilizaji anapewa A, anapewa B, kisha anapewa X ambayo ni mojawapo kwa kubahatisha, naye aseme ni ipi. Mara 16. Anayekisia tu atapata 8 hivi. Kufikia 12 kwa bahati kunatokea chini ya mara 4 katika majaribio 100, kwa hiyo 12 ndicho kizingiti.

Ugumu wa jaribio la waya ni kubadilisha haraka. Ukichomoa na kuchomeka kwa mkono dakika mbili zinapita, na kumbukumbu ya sauti kwa undani wake haidumu hivyo. Wengi hukimbilia vitufe vya A na B vya amplifaya, vile vya kuchagua jozi ya spika: waya mmoja kwenye A, mwingine kwenye B, zote mbili ziishie kwenye spika ileile. Njia hii ina mitego miwili ambayo ni lazima isemwe.

Wa kwanza ni wa hatari. Kamwe usibonyeze A na B pamoja katika mpangilio huu. Amplifaya nyingine huziunganisha A na B kwa mfululizo zinapowashwa pamoja, na nyaya mbili zikikutana kwenye spika moja zinafunga njia fupi moja kwa moja. Chanya na hasi zikipishana kwenye waya mmoja, matokeo ni hayohayo hata kwenye amplifaya zinazounganisha sambamba. Fyuzi ikiwa na bahati itakatika kabla ya transista.

Wa pili unaharibu jibu kimyakimya. Amplifaya nyingi hukata chanya peke yake. Hasi za A na B zimeungana ndani daima. Maana yake waya mwembamba unaposikilizwa, mguu wake wa hasi unasaidiwa na hasi ya waya mnene iliyolala sambamba nao, na karibu nusu ya tofauti unayoitafuta imefutika. Pima kwa multimita kati ya hasi ya A na hasi ya B amplifaya ikiwa imezimwa. Ikionyesha sifuri, usitumie vitufe hivyo. Hapa ilionyesha sifuri, kwa hiyo ikatumika swichi ya nguzo mbili njia mbili yenye uwezo wa ampea 10, iliyofungwa kwenye kisanduku upande wa amplifaya, ikikata chanya na hasi kwa pamoja. Waya usiotumika unabaki ukining'inia kwenye spika bila madhara. Msaidizi alikaa nyuma ya pazia na sarafu ya kurusha, na aligeuza swichi mbele na nyuma kila zamu hata kama waya haukubadilika, ili mlio wa swichi usiseme siri.

Sauti ya toni ya hezi 1,000 ilisawazishwa kwenye viungio vya spika hadi tofauti ikawa chini ya dB 0.1. Hili lisipofanywa, jaribio zima ni bure, maana sauti iliyo juu kidogo tu sikio huiita safi zaidi, yenye kina zaidi, na haliitambui kuwa ni kubwa zaidi.

Waya wa zamani dhidi ya ule wa gharama: mwenye mfumo alipata 14 kati ya 16. Ule wa gharama dhidi ya shaba ya kawaida ya 2.5: alipata 9. Mara ya kwanza alijibu upesi, akitabasamu. Mara ya pili alikuwa akiomba kila kipande kirudiwe, tena na tena, na jibu lake likitoka kwa shaka. Tofauti hiyo ya mwenendo ilisema mengi kabla ya hesabu kufanywa.

Mwaka 1991, katika jarida lilelile, Fred Davis alichapisha vipimo vya nyaya za spika zikiwa zimefungwa kwenye amplifaya na spika halisi, na somo lake ndilo linaloonekana hapa: waya haupimwi peke yake, hupimwa pamoja na spika inayovutwa nayo. Spika yenye impidansi tambarare ya om 8 ingeusamehe ule waya wa zamani; ungepunguza sauti kidogo kila mahali na hakuna ambaye angelalamika. Ndiyo sababu watu wawili wenye waya uleule wanabishana na wote wakawa wakweli.

Kuna mengine yanayosemwa juu ya nyaya za spika, kama vile umeme kukimbilia ngozi ya shaba kwenye masafa ya juu. Jambo lenyewe lipo: kwenye hezi 20,000 kina hicho ni karibu milimita 0.47. Kwa unene tunaouzungumzia, athari yake inamezwa na impidansi ya spika. Afadhali uangalie nyaya zenye kapasitansi (uwezo wa kuhifadhi chaji ya umeme) kubwa mno, zile zilizosukwa kwa nyuzi nyingi zilizobanana, kwa sababu amplifaya chache hutetema kwenye masafa yasiyosikika zinapofungwa nazo. Dalili ni joto kwenye mbavu za kupoozea ingawa hakuna muziki unaocheza. Hapo toa waya kwanza, uliza maswali baadaye.

Kebo ya mashine ya santuri

Kwenye santuri mabadiliko yalikuwa makubwa kuliko hata kwenye spika, na sababu ni nyingine kabisa. Katriji (kichwa kinachoshika sindano) ya sumaku inayosogea ina koili nyembamba yenye induktansi kubwa, yaani inapinga mabadiliko ya haraka ya umeme. Ya kisa hiki ina milihenri 500. Koili hiyo ikikutana na kapasitansi ya kebo, vinatengeneza mwangwi wa umeme kwenye masafa fulani, yaani sauti inavimba hapo, na juu ya masafa hayo inaporomoka.

Kebo ya zamani ilikuwa ya mita 3 kwa sababu mashine ilikuwa imewekwa kwenye rafu ya mbali. Multimita yenye kipimo cha nanofaradi, kebo ikiwa imechomolewa pande zote, ilionyesha pikofaradi 375 kati ya pini na ganda, yaani 125 kwa mita. Ongeza 100 za mlango wa santuri wa amplifaya na 30 za nyaya za mkono wa sindano, zinafika 505. Kwa milihenri 500, mwangwi unaangukia hezi 10,000. Kwa mzigo wa kawaida wa kilo-om 47, hesabu ya umeme pekee inatoa kilele cha dB 3 hivi hapohapo, jirani na makazi ya "s" na "sh". Kisha juu yake, giza.

Kebo mpya ina pikofaradi 70 kwa mita, na ni mita 1 tu. Jumla ikawa 200, mwangwi ukapanda hadi karibu hezi 16,000, na kilele kikabaki chini ya dB 1. Watengenezaji wa katriji nyingi za aina hii hutaja mzigo wa pikofaradi 150 hadi 300. Kabla ya hapo mfumo ulikuwa umeuzidi sana.

Angalia lakini kilichotokea: kebo mpya, kwa kuwa ni fupi, ilimlazimisha mwenye mfumo kuhamisha mashine ya santuri na kuiweka karibu na amplifaya. Ufupi ndio uliofanya sehemu kubwa ya kazi. Ile kebo ya zamani ikakatwa, ikaachwa mita 1, na plagi ya RCA ikalehemewa upya: jumla pikofaradi 255, mwangwi hezi 14,000. Mkwaruzo haukurudi. Kwenye mfumo wowote wenye katriji ya aina hii, hesabu hii ifanywe kabla ya kununua sindano mpya au kulaumu santuri.

Kebo ya kicheza CD haikubadilisha kitu. Mlango wa kutolea sauti wa kicheza hicho una om 200, na kebo ya pikofaradi 100 mbele yake inaanza kupunguza sauti kwenye hezi milioni 8. Hapo hakuna muziki. Hali ingekuwa tofauti kama katikati kungekuwa na kidhibiti sauti kisicho na umeme, cha kilo-om 50: kikiwa katikati kinatoa hadi kilo-om 12.5, na kebo ya pikofaradi 1,000 ingeanza kukata tangu hezi 12,700.

Mvumo

Waya mnene wa umeme ulisifiwa kwa kuondoa mvumo. Uliporudishwa ule wa zamani, mahali palepale, mvumo haukurudi. Basi uliondokaje?

Mambo mawili yalitendeka wakati wa kuhamisha vitu, na hakuna aliyeyaona kuwa ni ya maana. Waya wa umeme wa zamani ulikuwa umelala sambamba na ile kebo ya mita 3 ya santuri, umefungwa nayo kwa utepe ili kupendeza, na mawimbi ya millivolti chache kutoka kwenye katriji hayana ubavu wa kushindana na jirani kama huyo. Pia mashine ya santuri na amplifaya sasa zilichomekwa kwenye ubao mmoja wa soketi, badala ya soketi mbili za kuta tofauti, na kitanzi cha ardhini kati yake, yaani mzunguko unaofungwa na nyaya zao za ardhini na kunasa mvumo, kikawa kifupi. Mvumo uliundwa tena kwa makusudi: kebo ya santuri ikalazwa kandokando ya waya mpya wa gharama, sentimita kwa sentimita. Ukaja uleule. Kebo ikiinuliwa na kuvukishwa kwa pembe mraba, unapotea. Kamwe usitibu mvumo kwa kukata waya wa ardhini wa plagi; huo upo ili mtu asife.

Mfumo uliachwa hivi: shaba ya kawaida ya 2.5 pande zote mbili za spika, ile kebo ya zamani ya RCA iliyofupishwa, na waya wa umeme uliokuja na amplifaya. Nyuzi za waya wa spika zimechunwa sentimita 1, zimesokotwa zote bila hata moja kuchomoza, na kukazwa kwenye skrubu. Shaba hulala chini ya skrubu na kulegea kidogo, kwa hiyo baada ya wiki tatu skrubu zote nane zilikazwa tena. Mbili zilikubali robo nzima ya mzunguko.